Saa Isiyo na Ruhusa: Mapumziko ya Mwanafunzi wa Mwaka wa Kwanza wa Udaktari

Ukimuuliza mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa udaktari hufanya nini anapopata nafasi, aghalabu atacheka kwanza, kisha atakujibu kwamba nafasi yenyewe haijui. Jibu hilo limezoeleka mno hata limekuwa kama salamu ya watu wa fani hiyo, na wanaolisikia, wakiwamo wazazi na ndugu, hulipokea kwa heshima, kana kwamba kukosa muda ndio ushahidi wa kwanza kwamba kijana wao kweli anasomea udaktari. Mimi nina shaka nalo. Sisemi kwamba wanafunzi hawa wanadanganya. Nasema wanakosea kukitaja kitu wanachokikosa. Muda wanao, japo si mwingi. Wasichokuwa nacho ni ruhusa ya kuutumia, na muda usio na ruhusa huishia kuliwa na mambo ambayo wenyewe hawakuyachagua.

Mzigo wenyewe ni wa kweli, na asiyeubeba asiudharau. Anatomia peke yake humtaka mwanafunzi aijue mifupa 206 ya mtu mzima, misuli inayozidi 600, jozi 12 za neva zitokazo kwenye ubongo na jozi 31 zitokazo kwenye uti wa mgongo, na ajue kila kimoja kinaanzia wapi, kinapita juu au chini ya nini, na kikikatwa mgonjwa atashindwa kufanya nini. Kifundo cha mkono, ambacho watu wengi hukichukulia kuwa kiungo kimoja tu, kina mifupa midogo minane yenye majina manane. Juu ya anatomia kuna fiziolojia, biokemia, histolojia (elimu ya tishu) na embriolojia (elimu ya ukuaji wa kiumbe tumboni), kila somo likiwa na mwalimu anayeamini, kwa nia njema kabisa, kwamba somo lake ndilo msingi wa mengine yote. Hakuna kati ya hayo lililo gumu kupita kiasi likichukuliwa peke yake. Kinachowalemea wanafunzi ni wingi.

Wingi huo una athari moja ambayo haizungumzwi sana. Karibu kila anayefika kitivo cha tiba alikuwa miongoni mwa wanafunzi bora huko alikotoka, na mwanafunzi bora wa sekondari ana mazoea yake: husoma mpaka akamaliza, na akishamaliza hupumzika. Pumziko lake lilikuwa ujira wa kazi iliyokwisha. Mwaka wa kwanza wa udaktari huivunja kanuni hiyo tangu wiki ya pili, kwa sababu kazi haiishi. Sura iliyosomwa jana imeanza kusahaulika leo, ya leo haijaguswa, na ya kesho imeshatangazwa. Mtu aliyezoea kupumzika baada ya kumaliza, akiwekwa mahali ambapo hakuna kumaliza, hubaki hajui lini anastahili kupumzika. Hapo ndipo ruhusa inapopotelea, na hakuna aliyemnyang'anya.

Nilipokuwa nikisaidia kufundisha katika maabara ya anatomia, nilizoea kupita kwenye chumba cha kujisomea Jumamosi alasiri, na niliyoyakuta humo yalikuwa yale yale wiki baada ya wiki. Kijana ameketi, kitabu kiko wazi kwenye mchoro wa mtandao wa neva za bega: mizizi mitano, mashina matatu, vigawanyiko sita, kamba tatu, matawi matano ya mwisho. Kalamu za rangi zimepangwa. Simu imelala kifudifudi pembeni. Anachora mizizi, anafika kwenye mashina, mkono unaigeuza simu, dole gumba linapandisha picha za watu wasiomhusu kwa dakika ishirini, simu inalazwa tena kifudifudi, naye anarudi kwenye mizizi kwa sababu amesahau alikuwa amefika wapi. Saa kumi na moja anafunga kitabu akiwa amechoka kweli kweli. Ukimuuliza, atakwambia alisoma tangu saa saba. Ukihesabu, alisoma labda saa moja na nusu, na hakupumzika hata dakika moja.

Ni rahisi kusema kwamba vijana wa siku hizi wametekwa na simu, na wakongwe wa fani hupenda kusema hivyo. Maelezo hayo hayanitoshi. Mwanafunzi yule hakuichagua simu kwa kuwa inamfurahisha kuliko mpira, muziki au usingizi. Aliichagua kwa kuwa ndiyo burudani pekee isiyodai ruhusa. Kwenda uwanjani kunamtaka afunge kitabu, abadilishe viatu, apite mbele ya wenzake walioinama, na akubali mbele yao na mbele ya nafsi yake kwamba kwa saa nzima ijayo hasomi. Simu haimtaki akiri lolote. Kitabu kinabaki wazi, kalamu inabaki mkononi, na kila baada ya dakika chache anaweza kujiambia kwamba ndiyo kwanza anarudi kusoma. Ndiyo maana siamini sana ushauri wa kufuta programu za simu msimu wa mitihani. Mwenye hatia moyoni atapata pengine pa kuipeleka: atapanga meza upya, atanakili daftari lake kwa mwandiko mzuri zaidi, atatengeneza kadi nyingine mia mbili za maswali katika Anki, programu ya kujipima kumbukumbu, badala ya kujibu hamsini alizonazo.

Kunakili huko kunastahili kutazamwa kwa makini, maana ndiko kunakokula mapumziko kwa jina la kusoma. Tangu mwanasaikolojia Mjerumani Hermann Ebbinghaus achapishe mwaka 1885 majaribio aliyojifanyia mwenyewe, inajulikana kwamba sehemu kubwa ya kilichokaririwa hupotea katika saa na siku za mwanzo, kisha kasi ya kusahau hupungua. Mwaka 2006 wanasaikolojia Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walionyesha jambo ambalo ningependa libandikwe kwenye mlango wa kila bweni la wanafunzi wa tiba: waliorudia kusoma matini walikumbuka zaidi walipopimwa baada ya dakika tano, lakini baada ya wiki moja waliokumbuka zaidi ni wale waliosoma na kisha kujipima bila kuangalia. Kusoma mara ya nne humpa mtu hisia ya kujua, na hisia hiyo ni tamu kuliko kujipima, kwa sababu kujipima humwonyesha asichokijua. Kwa hiyo saa nyingi zinazotajwa kuwa ndizo zilizomnyima mwanafunzi nafasi ya kucheza ni saa za kujituliza moyo. Si masomo, na si mapumziko.

Deni la saa hizo hulipwa na usingizi. Mwaka 1924, katika Chuo Kikuu cha Cornell, John Jenkins na Karl Dallenbach waliwapa wanafunzi wawili silabi zisizo na maana wazikariri, wakawapima baada ya muda ule ule wakiwa wamelala au wakiwa macho, na walipokuwa wamelala walikumbuka zaidi kwa tofauti iliyo wazi. Wataalamu wa tiba ya usingizi wa Marekani walipendekeza mwaka 2015 kwamba mtu mzima alale angalau saa saba kila usiku. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hufundishwa habari za usingizi katika fiziolojia, huzijibu vizuri katika mtihani, na mara nyingi huwa amekesha usiku uliotangulia ili azijibu.

Baada ya simu, namna ya pili ya kutumia nafasi ni kukaa na wenzao, na hii naitazama kwa huruma zaidi. Mwanzoni mwa mwaka, kinachowakusanya ni harufu. Dawa ya kuhifadhia maiti hung'ang'ania nywele na mikono hata baada ya kunawa mara tatu kwa sabuni, na mwanafunzi anayeingia bwaloni mchana baada ya kupasua asubuhi hugundua upesi kwamba anakaribishwa zaidi kwenye meza ya wenye harufu kama yake. Wengi wao wana miaka kumi na minane au kumi na tisa, na baadhi hawajawahi kuiona maiti kwa karibu kabla ya wiki hiyo. Hakuna wa nje atakayewaelewa kama jirani wa meza ya upasuaji. Wanacheka, wanatungiana vibwagizo vya kukumbukia majina ya neva, wanaigana sauti za walimu. Nafsi inahitaji hayo, na asiye na genge la namna hiyo mwaka wa kwanza humpata wa kumwonea huruma kwa shida.

Tatizo ni kwamba mazungumzo ya meza hiyo hayatoki maabarani. Mtu anaketi kula akiwa na nia ya kupumzika, na kabla hajanywa maji amekwisha sikia kwamba fulani ameshafika sura ya tisa, kwamba kundi jingine limepata maswali ya miaka iliyopita, kwamba kuna mshipa mmoja ambao hakuna aliyemwambia kuwa utaulizwa. Aliketi amechoka, anainuka ameogopa. Wakati huo huo rafiki wa kitivo kingine, ambaye angemwongelesha habari za ndoa ya binamu yake au mechi ya jana, amealika mara tatu akakataliwa mara tatu, na ya nne hakualika, wala hana kosa. Kufikia katikati ya mwaka wapo wanaozungumza kila siku na watu ishirini na hawana hata mmoja wa kuzungumza naye jambo lisilo na mtihani ndani yake.

Historia ya wanafunzi wa udaktari waliotumia nafasi zao kwa mengine ni ndefu, na si yote inayofaa kusimuliwa kwa mzazi anayelipa karo. Charles Darwin, mwanasayansi wa nadharia ya mageuzi ya viumbe, alipelekwa Edinburgh, Scotland, mwaka 1825, akiwa na miaka 16, kusomea udaktari. Mihadhara ilimchosha, na upasuaji, uliofanywa enzi hizo bila dawa ya ganzi wala ya usingizi, ulimshinda kuutazama. Lakini katika majira ya baridi ya mwaka huo wa kwanza alijifunza kuhifadhi ngozi za ndege kwa kuzijaza, na mwalimu wake alikuwa John Edmonstone, mtu mweusi aliyekuwa mtumwa katika nchi ambayo leo ni Guyana kabla ya kuwa huru. Ujuzi huo alikwenda nao safari ya baharini aliyoianza mwaka 1831. Nakiri kwamba mfano huu una kasoro yake: Darwin aliuacha udaktari mwaka 1827.

Mfano ulio salama zaidi ni wa Roger Bannister. Tarehe 6 Mei 1954, alipokuwa mtu wa kwanza kukimbia maili moja chini ya dakika nne, kwa muda wa 3:59.4, alikuwa mwanafunzi wa udaktari katika hospitali ya St Mary's, London. Si wa mwaka wa kwanza, bali aliyekaribia kumaliza. Mazoezi yake mengi aliyafanya wakati wa mapumziko ya mchana, na baadaye akawa daktari bingwa wa neva. Wengi humtaja ili kuwaambia wanafunzi kwamba mwenye bidii hakosi muda. Mimi napenda kumtaja kwa sababu nyingine: saa yake ya mchana ilikuwa na mwanzo na mwisho, na ilikuwa saa ya kitu ambacho hakifanyiki kitabu kikiwa wazi. Hakuna anayeweza kukimbia huku akijidanganya kwamba anasoma.

Kuna utetezi wa mapumziko ambao unayaua, nao unapendwa sana na vitivo. Mwaka 2001 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale walichapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba wanafunzi wa mwaka wa kwanza wa udaktari waliofundishwa kutazama michoro katika jumba la sanaa walikuwa hodari zaidi wa kueleza wanachokiona kwenye picha za wagonjwa kuliko wenzao ambao hawakupata mafunzo hayo. Ni matokeo mazuri, na mwalimu yeyote wa tiba afurahi nayo. Ila mara tu sanaa inapothibitishwa kuwa inamfaa daktari, inaingizwa kwenye ratiba, inapewa mahudhurio, na kesho yake mwanafunzi anaiandika kwenye wasifu wa kuombea nafasi. Kwaya iliyokuwa pumziko inakuwa sifa. Kujitolea kwenye zahanati kunakuwa saa za kuhesabiwa. Mpira unakuwa ushahidi wa uongozi. Ruhusa ya kupumzika hapo imetolewa kwa sharti la kuzalisha kitu, yaani haikutolewa. Sipendi hata hoja kwamba mwanafunzi alale ili akumbuke zaidi, ingawa nimeitumia mwenyewe aya chache zilizopita.

Hasara ya hali hii inapimika. Mwaka 2016 jarida la tiba la Marekani liitwalo JAMA lilichapisha uchambuzi uliokusanya tafiti kutoka nchi zaidi ya arobaini, ukakuta kwamba asilimia 27.2 ya wanafunzi wa udaktari walikuwa na sonona au dalili zake, na asilimia 11.1 waliripoti mawazo ya kujiua. Miongoni mwa waliobainika kuwa na dalili za sonona, waliotafuta matibabu walikuwa asilimia 15.7 tu. Si haki kuzibebesha saa za mapumziko lawama yote ya takwimu hizo, kwani kuna madeni, kuna ushindani, kuna kukutana na kifo mapema. Lakini tarakimu ya mwisho inanirudisha kwenye ruhusa. Mtu asiyejiruhusu kwenda kucheza mpira kwa saa moja atajiruhusu vipi kwenda kukaa kwa mshauri saa moja kila wiki?

Jumuiya ya madaktari duniani imekwisha liona hilo kwa upande wa walio kazini. Tamko la Geneva, kiapo kilichotungwa mwaka 1948, liliongezewa mwaka 2017 ahadi ya daktari kuijali afya yake mwenyewe na ustawi wake ili atoe huduma ya kiwango cha juu. Miaka 69 ilipita kabla ya sentensi hiyo kuingia. Na hata ilipoingia ilikuja na ule mkia wake wa manufaa: ajijali ili ahudumie.

Wapo watakaosema kwamba mgonjwa hana haja na furaha ya mwanafunzi. Anachotaka ni daktari anayeujua mshipa uliopo chini ya kisu. Hoja hiyo ni nzito, nami ningekuwa mgonjwa ningeisema kwa sauti. Ila inachanganya saa za kukaa kwenye kiti na kiasi cha kujua, jambo ambalo yule kijana wa Jumamosi ameshatuonyesha kuwa si kitu kimoja. Inasahau pia kwamba si wote wanaoketi kwenye kiti hicho kwa masharti sawa. Anayesafiri saa mbili kwenda na kurudi, anayefanya kazi jioni ili ajilipie karo, anayelea mtoto au kumuuguza mzazi, hana Jumamosi ya kupoteza kwenye simu. Kwake yeye, kusema kwamba nafasi haijui si salamu. Ushauri wa jumla wa kupanga muda vizuri humfikia kama tusi dogo, na ni yeye ambaye angefaidika kwanza iwapo chuo kingepanga ratiba kwa akili.

Maana ratiba ndiyo inayotoa ruhusa au kuizuia, zaidi ya semina yoyote ya kuwafundisha vijana uvumilivu. Chuo Kikuu cha Saint Louis nchini Marekani kilibadilisha mambo kadhaa katika kitivo chake cha tiba, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 2014: katika miaka ya awali madaraja ya alama yaliondolewa yakabaki kufaulu na kufeli, saa za darasani zikapunguzwa kwa asilimia 10, na nafasi iliyopatikana ikatolewa kwa masomo ambayo mwanafunzi anajichagulia. Viwango vya sonona na wasiwasi miongoni mwa wanafunzi vilishuka. Kinachonivutia ni kwamba hakuna aliyeanza kwa kuwabadilisha wanafunzi. Palipokuwa na madaraja, saa ya mwenzako ya kusoma ilikuwa tishio kwako. Yalipoondolewa, mwenzako akarudi kuwa mwenzako.

Si lazima mabadiliko yawe makubwa hivyo. Katika chuo kimoja nilichokijua kwa karibu, mtihani mfupi wa anatomia ulikuwa kila baada ya wiki mbili, Jumatatu saa mbili asubuhi, na kwa hiyo kila baada ya wiki mbili Jumamosi na Jumapili zilikuwa zimekwisha kabla hazijaanza. Muhula wa pili mtihani ulihamishiwa Ijumaa alasiri, kwa sababu isiyowahusu wanafunzi hata kidogo: ukumbi ulikuwa unahitajika Jumatatu. Hakuna mhadhara uliopunguzwa wala sura iliyofutwa. Ijumaa ya kwanza, yapata saa kumi na nusu, niliwakuta wanafunzi wapatao thelathini wamesimama nje ya ukumbi, mikono mitupu, hawaelekei maktaba wala bwenini, wakitazamana kama watu walioshushwa kituo wasichokijua, mpaka mmoja akauliza kama kuna mwenye mpira.